Tulidhani katuzibia njia: kisa cha musi na ndama wake, Brainard Lake

Naandika hiki kisa kwa urefu kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo watu wanakimbilia mwisho, wanataka kujua alitupiga au hakutupiga, wakishajua basi stori imeisha. Mi naona sehemu ya maana iko kabla ya hapo, kwenye zile dakika kama kumi na tano ambazo musi, mnyama mkubwa wa porini wa huku Marekani, alikuwa anatuambia kitu na sisi watu wazima wawili hatukuelewa, na nyuma zaidi ya hapo, kule kwenye pakingi saa nne asubuhi, tulipofanya uamuzi mdogo tu ambao baadaye ndo ulitufunga miguu.

Tulikuwa watatu na mbwa. Mimi, binti yangu wa miaka 11, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye alikuwa na miezi minne tu tangu atoke Moshi. Shemeji sio mgeni wa milima hata kidogo. Amebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, ni mgumu kwelikweli (wapagazi wa kule kwetu ndo wanaitwa wagumu), mtu wa kupanda na kilo 20 za mgeni juu ya kichwa na bado anafika kambini kabla ya mgeni mwenyewe. Kwa hiyo tulipopanga kwenda kutembea kwenye theluji mi nilikuwa na amani kabisa, nilijua nina mtu anayejua baridi na anayejua mwinuko. Mbwa hakuwa wetu, ni wa jirani, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa hospitali kwa upasuaji wa nyonga, binti yangu ndo alikuwa anamtunza zile wiki mbili.

Sisi tunakaa Aurora, kando ya Denver, jimbo la Colorado. Brainard Lake iko juu ya mji wa Boulder huko, kama saa moja na nusu kwa gari ukipitia kamji ka Nederland. Ziwa lenyewe liko karibu mita 3,150 juu ya usawa wa bahari, kwa anayejua njia ya Marangu ya Kilimanjaro hapo ni kati ya kambi za Mandara (2,720) na Horombo (3,720), yaani sio mchezo kwa mtu anayeishi bondeni. Winta geti linafungwa, gari unaacha chini, halafu unatembea kwenye barabara ile ile ya lami ambayo sasa imelala chini ya theluji, kama kilomita tatu mpaka ziwani. Hakuna greda linalopita kusafisha. Kinachoifanya ipitike ni miguu ya watu na wale wanaoteleza na ski, wanaikanyaga siku baada ya siku mpaka katikati panakuwa pagumu kama sakafu, pembeni theluji imebaki vile vile laini, na Jumamosi ile ya mwisho wa Januari pembeni ilikuwa inafika kiunoni kwangu. Naomba msomaji aishike hiyo picha, mstari mwembamba mgumu na huku na huku shimo la unga mweupe, manake kisa chote kimekaa hapo.

Tulikuwa tumekodi viatu vya theluji, vile vipana kama ungo unavyofunga chini ya buti ili usizame. Jozi tatu, tumelipia kabisa. Shemeji akashuka kwenye gari, akapiga mguu chini mara mbili, akasema "Shem, hapa pagumu, haya madude yatatuchosha bure." Nami nikapiga mguu, nikaona kweli pagumu. Tukayaacha nyuma ya gari, tukavaa vile vidude vya meno ya chuma vinavyozuia kuteleza, tukaondoka. Hakukuwa na ubishi wala haraka, ilikuwa hesabu ya kawaida ya mtu anayeangalia njia aliyo nayo mbele yake. Kosa ni kwamba tulihesabu njia ya kwenda tu, hatukuhesabu kwamba kuna wakati mtu anatakiwa kutoka njiani.

Kosa la pili ni la kwangu peke yangu. Ile kamba ya mbwa ilikuwa ya kufunga kiunoni ili mikono ibaki huru. Nikaifunga, nikavaa koti juu yake, nikafunga zipu, nikavaa glavu nene.

Kwenda kulikuwa kuzuri sana, nyuzi kama -8, upepo ulikuwa bado haujaamka, jua kali mpaka miwani ya jua ikawa lazima. Karibu na ziwa tukawaona kwa mara ya kwanza, jike na ndama wake, mbali kama mita mia, wamesimama kwenye vichaka vya mierebi (ndiyo, mierebi ile ile ya kwenye Isaya) wanakwanyua vijiti. Kulikuwa na watu wengine watano sita hapo wanapiga picha, wametulia, wanyama nao wametulia. Binti akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaweka kidole gumba juu ya yule mama mnyama. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema "Mama, kidole kikimfunika mzima maana yake uko mbali vya kutosha. Akibaki anaonekana pembeni, uko karibu sana." Walifundishwa shuleni, kuna askari wa wanyamapori alikuja darasani kwao. Nikafurahi, nikampiga picha na kidole chake, tukaendelea.

Ngoja niseme kidogo kuhusu huyu mnyama mwenyewe, manake mama mkwe aliponiuliza kwenye simu ni mnyama gani sikuwa na neno. Wamarekani wanamwita moose, nami naandika musi. Ni wa ukoo wa wale wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, ambao kwenye tafsiri nyingi za Kiswahili wanaitwa kulungu, ila kulungu wetu wa msituni ni mnyama mwingine kabisa, ni wa ukoo wa swala na pembe zake hazidondoki. Kwa umbo mfikirie pofu (yule swala mkubwa wa kwetu, sio asiyeona), halafu umwongezee miguu. Hawa wa Colorado ni wadogo kuliko wa Alaska, lakini dume anaweza kufika kilo 450 na jike hayuko mbali sana nyuma yake, na bega liko juu kuliko kichwa cha mtu mfupi. Pua ndefu iliyopinda chini, chini ya shingo kuna ngozi inaning'inia, mgongoni nundu. Na winta usitafute pembe ili ujue dume au jike, madume wengi wanakuwa wameshazidondosha kufikia Desemba, Januari. Angalia nyuma: jike ana baka jeupe chini ya mkia.

Wengi hapa wanadhani musi wapo Colorado tangu enzi na enzi. Zamani walikuwa wanapita wachache tu wakitokea kaskazini, hawa waliopo leo wametokana na mpango wa jimbo ulioanza mwaka 1978, ambapo kundi la kwanza la wanyama 24 lililetwa North Park, bonde la kaskazini mwa Colorado, kutoka majimbo ya Utah na Wyoming. Leo wanakadiriwa takriban 3,000. Kwa hiyo ni mnyama ambaye hata wenyeji wengi wa hapa hawakukua naye, bibi zao hawakuwafundisha kitu juu yake, kama sisi tulivyofundishwa juu ya nyati.

Sasa kurudi. Ilikuwa saa tisa mchana, upepo umeshaanza, tumeshakunywa chai yetu, tunashuka. Kwenye kona moja yenye misonobari pande zote mbili, shemeji aliyekuwa mbele akasimama ghafla akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mbele yetu, katikati ya barabara, kama hatua arobaini, kasimama yule jike. Ndama wake nyuma yake. Anatutazama.

Hapa ndo zile dakika kumi na tano zinaanza. Tulisimama, hilo lilikuwa sahihi. Hatukumsogelea, sahihi. Ila tuliamua kumsubiri aondoke, na tulimsubiri tukiwa pale pale katikati ya barabara, tumejipanga watu watatu na mbwa, tumejaza ule mstari wote mgumu. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa hivi: yeye yuko kati yetu na gari, yeye ndo katuzibia, ni mnyama wa porini, atatuchoka ataingia msituni. Na kwa kuwa alisimama kimya bila kukimbia, nikatafsiri kwamba katulia. Ng'ombe akisimama anakutazama namna ile katulia kweli. Tukakaa, shemeji akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyati angekuwa ameshaamua zamani, huyu mpole.

Dakika ya kumi hivi akaja hatua chache. Sio mbio, hatua tu, akasimama tena. Mbwa akaanza kunguruma chini chini, nikasikia kamba inakaza kiunoni. Shemeji akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyechunga ng'ombe angefanya, akapiga makofi kwa nguvu na kupaza sauti, "Haya! Toka! Toka!" Glavu zikatoa mlio mzito kama mto unapigwa.

Binti yangu akamshika mkono. "Baba mdogo, acha. Angalia masikio."

Nikaangalia. Masikio yalikuwa yamelala nyuma kabisa, yamebanwa kwenye shingo. Nywele za juu ya nundu zimesimama wima kama brashi ya kufagilia. Na alikuwa analamba midomo, ulimi unatoka unarudi, unatoka unarudi, nikiwa pale naona mpaka vitone vya barafu vilivyoganda kwenye ndevu za chini ya kidevu vinagongana. Mwanzoni niliona ule ulimi nikadhani anakula. Kumbe masikio nyuma, manyoya juu, kulamba midomo, ndo lugha yake ya kusema uvumilivu umeisha, na yule mtoto alikuwa anaijua yote kwa sababu ya somo moja la nusu saa darasani.

Akaja. Safari ya kwanza alikimbia kama hatua ishirini akasimama, theluji ikaturukia usoni. Wakati huo tumeshaanza kurudi nyuma, nikamsukuma binti kwenye msonobari uliokuwa kulia, na hapo ndo vile viatu vilivyobaki garini vikadai haki yake. Hatua ya kwanza nje ya barabara nikazama mpaka juu ya goti. Ya pili mpaka kiunoni. Ule mti ulikuwa mita nne tu kutoka barabarani, mita nne ambazo kwa kiatu kipana ni sekunde tano, sisi tulizimaliza kwa kutambaa na viwiko, shemeji anamvuta binti kwa kofia ya koti. Mimi nyuma, na mbwa amekaza kamba upande mwingine anataka kubweka, natafuta klipu ya kamba na siipati, iko ndani ya koti, zipu chini ya glavu, nikavua glavu kwa meno. Sikuipata. Nikamvuta mbwa kwangu kama ninavyovuta ndoo kisimani, nikamkumbatia, nikamfunga mdomo kwa skafu yangu, nikalala naye nyuma ya shina.

Safari ya pili hakusimama. Alipita pale pale tulipokuwa tumesimama, begi la chai lilikuwa limebaki barabarani, akalipiga kwa miguu ya mbele, mara tatu, nne, haraka haraka kama mtu anayetwanga. Ile chupa ya chai ni ya chuma, tunayo mpaka leo, ina umbo la kwato upande mmoja.

Halafu akatulia. Akageuka akatazama nyuma, ndama akaja mbio akamfikia, na wote wawili wakaendelea na safari. Kwenye barabara. Kuelekea juu ziwani. Walitupita mita kama tano, sita, wanatembea tu, pumzi inatoka kama moshi wa jiko la kuni, hata hakugeuza kichwa kutuangalia.

Hapo nyuma ya mti, nikiwa bado nimemkumbatia mbwa, ndo nilielewa kwamba tangu mwanzo tuliisoma picha kinyume. Hakuwa ametuzibia njia. Sisi ndo tulimzibia. Alikuwa anapanda, sisi tunashuka, njia ni moja, na tulimsubirisha dakika kumi na tano tukidhani tunamheshimu.

Tulikaa pale nyuma ya mti karibu nusu saa kabla ya kushuka, binti alilia kidogo akanyamaza, shemeji alikuwa anatetemeka goti moja ambalo aliligonga kwenye jiwe lililofunikwa na theluji. Tulipoanza kushuka, shemeji akaanza kusoma nyayo, ndo tabia yake, na hiyo sehemu kwangu ni muhimu kuliko ile ya kufukuzwa. Chini ya ile kona kama mita themanini tukaona mahali walipoingilia barabarani. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Haikuwa nyayo, ilikuwa mfereji. Mnyama mwenye miguu mirefu vile alikuwa amekokota tumbo juu ya theluji, upande na upande kuna mashimo marefu ya miguu, kila hatua chache pana sehemu pana iliyotifuliwa ambapo alisimama kupumzika, na ndama alipita ndani ya mfereji wa mama yake, nyayo zake ndogo ziko juu ya zile kubwa. Shemeji akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye shimo moja mpaka begani hakugusa chini. Akasema, "Shem, huyu alikuwa ametoka kuzama. Angerudije tena humo?"

Hilo swali ndo jibu la kisa chote. Musi winta anaishi kwa kubana matumizi. Chakula chake ni vijiti na magome, havina nguvu ya maana, anapungua uzito kuanzia mwanzo wa theluji mpaka majani yaote, kila kilo ya mafuta aliyoingia nayo ndo akiba yake. Theluji ikizidi sentimita 70 hivi anaanza kuhangaika kutembea, ikifika kifuani kila hatua ni kuogelea. Na jike wa Januari mara nyingi ana mimba pia, wanapandana Septemba na Oktoba, wanazaa Mei mpaka Juni, huku yule ndama wa mwaka jana bado anamfuata na atamfuata mpaka karibu mwingine azaliwe. Sasa mwanadamu amekuja amekanyaga mstari mgumu katikati ya msitu, kwake hiyo ni zawadi, atatembea kilomita tatu bila kuzama. Ukimwambia aiache ili upite wewe, unamwambia atumbukize akiba yake na ya mtoto wake kwenye shimo. Hatakubali. Na kwa nini akubali.

Baridi yenyewe wala haimsumbui. Zile nyuzi -8 zetu kwake ndo hali nzuri, manyoya yake ya winta ni mazito kiasi kwamba joto likipanda juu ya -5 hivi ndo anaanza kuona joto. Kinachomtesa ni kina cha theluji. Mi nilikuwa natazama baridi, yeye anatazama njia.

Watu wa Alaska wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 1985 kwenye Iditarod, mashindano yale makubwa ya kuendesha sleji, mikokoteni ya theluji inayovutwa na mbwa, mshindani mmoja, Susan Butcher, alikutana na jike wa musi kwenye njia iliyokanyagwa, usiku, na mnyama hakutoka. Aliwaingilia mbwa kwenye kamba zao, akaua wawili na kujeruhi wengine wengi, mpaka akatokea mshindani mwingine akampiga risasi. Butcher akajitoa, na mwaka ule Libby Riddles akawa mwanamke wa kwanza kushinda. Butcher mwenyewe alikuja kushinda mara nne baadaye, lakini tazama ule mpangilio: njia nyembamba, theluji pembeni, na mbwa waliofungwa kamba wasioweza kuondoka. Ni ule ule wetu, sisi tulikuwa na mbwa mmoja tu na mti mmoja karibu.

Suala la mbwa nalitenga kidogo. Kwa musi, mbwa na mbwa mwitu wa huku (wolf) ni kitu kimoja. Hapa Colorado mbwa mwitu walitoweka miaka ya 1940, baadaye wachache wakaja wenyewe kutoka kaskazini, halafu jimbo likarudisha kumi mwezi Desemba 2023, kwa hiyo musi wengi wa hapa hawajawahi kufukuzwa na mbwa mwitu hata mara moja, na bado damu yao inakumbuka. Nadhani tungekuwa bila mbwa bado angekasirika, kwa sababu njia tulimzibia vile vile, lakini kuna uwezekano asingekuja ile safari ya pili. Ile kunguruma ilimkuta na ndama nyuma yake. Wengine wameniambia ningemwachia mbwa akimbie. Naogopa ushauri huo, kwanza sikuweza, pili mbwa akifukuzwa anarudi kwa mtu wake, na anarudi na anayemfukuza. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba kamba ingekuwa mkononi. Kufungwa kiunoni na mnyama ambaye hamkubaliani uelekeo, ndani ya theluji, mbele ya musi, sitafanya tena.

Na makofi ya shemeji. Simlaumu, na alijilaumu vya kutosha, usiku ule hakula. Kwao nyati akiwa mbali kelele zinasaidia mara nyingi, anajua mko wapi anaondoka zake msituni. Lakini nyati wa msitu wa Marangu ana pa kwenda kila upande, hakuna theluji. Huyu hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo kelele kwake haikuwa taarifa, ilikuwa kusukumwa ukutani. Mwezi Januari 1995 kwenye chuo kikuu kimoja cha Anchorage, Alaska, kulikuwa na jike na ndama wamezongwa na watu kwa saa kadhaa, wengine wakiwarushia mapande ya theluji, mwishowe mzee wa miaka 71 ambaye hakuwa na habari yoyote akawa anaingia mlangoni, akakanyagwa akafa. Nilipojua hicho kisa nilikaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo hasira inaweza kuwekwa na mtu mmoja ikalipwa na mwingine anayekuja nyuma, na ile barabara ya Brainard siku ile ilikuwa na watu wengine chini yetu, na ski zao tuliziona alama zake karibu kabisa na ule mfereji. Inawezekana kabisa alishasukumwa mara moja kabla hajatukuta sisi.

Sasa tungefanyaje? Nimelizungusha hili sana na shemeji, na hatujakubaliana kila kitu. Tunakubaliana kwamba zile hatua arobaini za mwanzo zilitosha. Tungekuwa na viatu vipana mgongoni, dakika mbili tungevifunga, tukatoka barabarani mita thelathini upande ambao hauko na ndama, tukajiweka nyuma ya miti, tukanyamaza, na angepita. Bila viatu bado tulikuwa na chaguo, kurudi nyuma. Tungegeuka taratibu tukarudi ziwani alikokuwa anakwenda, mpaka mahali barabara inapofunguka, tukampisha pale. Shemeji anasema hapana, angekuwa anatufuata kwa nyuma na mtoto angeogopa akakimbia. Kumkimbia musi sio kosa kubwa kama kumkimbia simba, huyu sio mla nyama, mara nyingi anakufukuza kidogo tu akiona umeondoka anaacha, na mti mnene ukiingia katikati yenu umeshapona nusu, ila akikukuta wazi anakwenda mpaka kilomita 56 kwa saa, hakuna binadamu wa mbio hizo, sembuse na mabuti kwenye barafu. Akikuangusha jikunje, mikono juu ya shingo na kichwa, begi liwe mgongoni, usinyanyuke mpaka awe ameondoka kabisa, manake ukinyanyuka mapema anarudi. Begi letu lilikuwa chini. Namshukuru Mungu lilikuwa chini peke yake.

Askari wa wanyamapori tuliyemkuta pakingini alitusikiliza vizuri sana, hakutugombeza. Mwanzo tulikuwa hatuna mtandao kule juu hata wa kupiga simu, kwa hiyo yeye ndo mtu wa kwanza tuliyemwambia. Alimwuliza binti swali moja tu, masikio yalikuwaje, na binti akaonyesha kwa viganja vyake pembeni ya kichwa, akavilaza nyuma. Akaandika. Akaenda kuweka tangazo getini kwamba kuna jike na ndama kwenye barabara, na jina la kona.

Tulirudi Machi. Binti ndo aliyeomba, mi nilikuwa sitaki. Mbwa alikuwa ameshaenda kwa mwenyewe. Viatu vya theluji vilikuwa mgongoni kwa kila mtu ingawa barabara ilikuwa ngumu zaidi ya Januari, na watu wawili watatu waliotupita walitutazama. Karibu na ile kona shemeji akaona kitu cheusi mbali mbele, kama mita mia, kinakuja kwetu polepole. Hakusema neno. Alikaa chini akaanza kufunga viatu, nasi tukafunga, tukaingia kushoto kwenye miti, theluji inatubeba vizuri kabisa, tukasimama. Alikuwa peke yake, hana pembe, hana baka jeupe, dume. Alichukua kama dakika ishirini kufika tulipokuwa tumesimama, akala kidogo kwenye kichaka, akapita. Binti alikuwa amenyoosha mkono muda wote, jicho moja amefumba, kidole gumba kimemfunika mzima.